Neno *get* la Kiingereza: maana zake, visawe vyake na makosa yanayojirudia

Maswali yanaanzia kwenye msingi na kuishia kwenye matumizi ya nadra. Kila jibu linajitosheleza. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Msingi

1. *Get* maana yake nini hasa?

Ukitaka jibu la neno moja utaambiwa "pata", na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Maana ya *get* haikai ndani ya neno lenyewe, inakaa kwenye kile kinachofuata. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, tazama kulia kwake.

Likifuatwa na nomino, mara nyingi ni kupata, kupokea, kununua au kwenda kuleta: *get a letter*, *get a chair*. Likifuatwa na kivumishi, ni kubadilika hali: *get tired* ni kuchoka, *get wet* ni kulowa. Likifuatwa na mahali, ni kufika: *get home*. Akitajwa mtu, kisha *to* na kitenzi, ni kumfanya au kumshawishi mtu huyo atende jambo: *get him to sign*, yaani umshawishi atie saini. Likifuatwa na umbo la tatu la kitenzi, ni kutendwa: *get paid*, kulipwa. Likifuatwa na kihusishi kama *over*, *by* au *away*, tegemea maana mpya ambayo huwezi kuikisia. Hayo yako kwenye swali la 17.

Jaribu kanuni hiyo kwenye sentensi tatu. *It's getting late*: *late* ni kivumishi, basi muda unazidi kwenda. *She got to the office*: ofisi ni mahali, basi alifika. *Can you get the door?*: *door* ni nomino, lakini hakuna anayekutuma ununue mlango. Mtu anabisha hodi na unaombwa ukafungue. Vivyo hivyo *get the phone* ni kupokea simu inayoita. Kanuni inakufikisha karibu, mazingira yanamalizia.

2. Kwa nini neno moja limebebeshwa kazi zote hizo?

Kwa sababu ya historia yake. *Get* liliingia Kiingereza kutoka Kinorse cha kale, ambako lilikuwa *geta*, kupitia watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9. Kiingereza chenyewe kilikuwa na ndugu zake, ila waliishi ndani ya maneno marefu tu: ndio waliobaki kwenye *forget* na *beget*. Mzizi wa mbali wa ukoo huu ni kushika au kukamata.

Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, yakamiminika maneno ya Kifaransa na Kilatini: *obtain*, *receive*, *acquire*, *arrive*. Haya yalikaa mahakamani, kanisani na kwenye maandishi. *Get* likabaki midomoni mwa watu. Neno la midomoni halina mlinzi, linakwenda popote linapotumwa. Ndiyo maana hadi leo *get* linasikika la kawaida na *obtain* linasikika la ofisini, ingawa yanaweza kusema jambo moja.

3. Maumbo yake ni yapi, na *gotten* ni sahihi?

Wakati uliopo *get* au *gets*, uliopita *got*, na *-ing* huongeza t: *getting*. Umbo la tatu ndilo linalogawa watu. Uingereza wanasema *got*. Marekani wana *got* na *gotten*, kila moja na kazi yake, kama swali la 12 linavyoonyesha.

*Gotten* si uharibifu wa Kimarekani. Ni umbo la zamani lililokuwa likitumika Uingereza kwenyewe. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalo kwenye Mwanzo 4:1, pale Hawa anapomzaa Kaini. Waingereza waliliacha, Wamarekani wakalitunza. Na hata Waingereza hawakuliacha lote: bado wanasema *forgotten*, na mali ya dhuluma wanaiita *ill-gotten gains*. Chagua upande mmoja na ubaki nao katika andiko lote.

4. Linatamkwaje?

G ni ile ya "gari", kamwe si ya "jana". Vokali ni fupi, na t ya mwisho haiongezewi "i": ni silabi moja, si "geti". Kwa Wamarekani, t ikifuatwa na vokali hulainika na kukaribia d, ndiyo maana *get it* husikika kama "gedi't".

## Kuchagua kisawe

5. Nataka kisawe kimoja cha *get*. Ni kipi?

Hakipo. Kila maana ina visawe vyake, na kisawe cha maana moja huharibu sentensi ya maana nyingine. *I got a reply* inakubali *received*. *I got cold* ikiwekewa *received* inakuwa kichekesho.

Kamusi za visawe zina lawama kidogo hapa. Ile maarufu ya Peter Mark Roget, iliyotoka mwaka 1852, ilipanga maneno kwa mafungu ya mawazo, na mtindo huo umeenea. Fungu linakuonyesha maneno yanayokaribiana. Halikuambii lipi linakaa na lipi. Kwa hiyo fanya hivi: kwanza amua *get* yako ni ya maana ipi kwa kanuni ya swali la 1, ndipo ufungue kamusi. Ukishapata neno, tafuta mfano wa sentensi wenye nomino ileile unayotaka kutumia. Usipouona mfano, liache.

6. *Obtain*, *receive*, *acquire*, *gain*, *earn*: yanatofautianaje?

Swali ni moja tu: kitu kilikufikiaje?

Kama kililetwa na wewe ukakaa tu, ni *receive*: barua, zawadi, taarifa, hata pigo. Kama ulikifuata kwa utaratibu au juhudi, ni *obtain*: *obtain a permit*, *obtain permission*. *Obtain* lina harufu ya karatasi na mihuri. Ukimwambia rafiki *I obtained some bread*, atakuangalia mara mbili. *Acquire* ni kupata kwa muda au kukifanya kitu kiwe mali yako: ustadi, tabia, lugha, shamba, kampuni iliyonunuliwa na nyingine. *Gain* lina wazo la kuongezeka juu ya ulichokuwa nacho, ndiyo maana tunasema *gain weight*, *gain experience*, *gain confidence*. *Earn* ni kupata ulichokitolea jasho au unachostahili: mshahara, heshima, mapumziko.

Kuna mengine mawili yanayosahaulika. *Fetch* ni kwenda, kuchukua na kurudi nacho, kwa hiyo *get me a chair* ni *fetch me a chair*. Na *buy*: mtu akisema *I got a new phone*, kwa kawaida amenunua. Ukitaka isieleweke kwamba ulipewa, andika *bought*.

Kwa maradhi, ya kuambukiza yanakubali *catch*: *catch a cold*, *catch flu*. Kuumwa kichwa hakuambukizi, basi ni *get a headache*, si *catch*. Kwenye ripoti ya kitabibu utakuta *contract* badala ya yote mawili.

7. Lini niseme *get*, lini *become*, *go*, *turn* au *grow*?

Kwanza kosa kubwa. *Become* inakubali nomino, *get* haikubali kwa maana hii. *She became a doctor*: akawa daktari. *She got a doctor*: alimwita au alimpata daktari. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, kwa hiyo hakuna wa kukuonya.

Kwa vivumishi, *get* ni la mazungumzo na linakaa na hali za kila siku: *get hungry, get angry, get dark, get ready*. *Become* ni rasmi zaidi, na baadhi ya vivumishi havitaki *get* kabisa: ni *become available*, *become clear*, *become aware*.

*Go* hupendelea kuharibika: chakula *goes bad*, mtu *goes blind*, *goes deaf*, *goes bald*, biashara *goes bankrupt*. Lakini kuzeeka na kuugua, ingawa si habari njema, si *go*: ni *get old* na *get ill*, au *fall ill* ukitaka urasmi. *Turn* ni ya rangi na umri: *turn red*, *turn 18*. *Grow* ni mabadiliko ya polepole, na siku hizi iko zaidi vitabuni. Kulala usingizi ni *fall asleep*. *Get asleep* haisemwi.

8. *Get*, *arrive* na *reach* vyote ni kufika. Tofauti iko wapi?

Iko kwenye kihusishi. *Get* huchukua *to*: *get to the station*. *Arrive* huchukua *at* kwa jengo au kituo, na *in* kwa mji au nchi. *Arrive to* ni kosa. *Reach* haichukui chochote: *reach the station*, kamwe si *reach at*.

*Home*, *here* na *there* hukataa vihusishi vyote: *get home*, *arrive home*, *get there*.

Sisi tunaoongea Kiswahili tuna kosa letu maalumu hapa. "Nimefika" huwa *I have reached*, na sentensi inaishia hewani, kwa kuwa *reach* hudai kutajiwa mahali. Sema *I've arrived*, au kwa wepesi zaidi, *I'm here*.

9. *I get it* na *I didn't get you* ni sawa?

*I get it* ni "nimeelewa", sawa na *I understand* au *I see*. *I don't get it* ni "sielewi", na mara nyingi husemwa kuhusu kichekesho. Usipomsikia mtu vizuri, *I didn't catch that* au *Sorry, I didn't get that* ndiyo ya kawaida. *I didn't get you* inaeleweka Afrika Mashariki, lakini msikilizaji wa kwingine anaweza kudhani una maana nyingine, weka *that*.

10. Je, ni kosa kutumia *get* kwenye barua rasmi au insha?

Si kosa la sarufi. Ni suala la mavazi. Sentensi moja yenye *get* haimuudhi mtu, ila nne kwenye aya moja zinaonyesha uvivu wa kuchagua. Badilisha zile zinazobadilika bila kulazimisha: *get* → *receive*, *obtain*, *become*, *arrive*. Yale yasiyo na mbadala mzuri, kama *get rid of* au *get married*, yaache. *Marry* ipo, *remove* ipo, lakini kumbadilishia mtu *get married* kuwa *enter into matrimony* ni kumvalisha joho sokoni.

## Pale "pata" inapotupotosha

11. Mbona *I got an accident* inakatwa na kalamu nyekundu?

Kwa sababu *get* yenye nomino humaanisha kitu hicho sasa unacho, umekishika au umekipokea. Ajali huishiki. Kiingereza kinasema *I had an accident*, au *I was in an accident*.

"Pata" yetu ni pana kuliko *get*, inabeba hata yale yanayompata mtu bila kuyataka. Orodha ya mitego ni ndefu. Hii ndiyo inayonasa wengi:

"Amepata mtoto" ni *She has had a baby*. "Tulipata hasara" ni *We made a loss*. "Nilipata shida kumwelewa" ni *I had trouble understanding him*. "Nilipata chakula cha mchana" ni *I had lunch*. Hapa hata *I took lunch* si la kawaida nje ya Afrika Mashariki. "Nilimpata nyumbani" ni *I found him at home*. Ukisema *I got him at home*, unasikika kama askari aliyemkamata mtuhumiwa. Na "sikupati", ile ya kwenye simu mtandao ukisumbua, ni *I can't hear you* au *You're breaking up*.

Zipo zinazovuka salama: kupata mimba ni *get pregnant*, kupata nafuu ni *get better*, kupata kazi ni *get a job*, na "pata picha" inakaribia sana *get the picture*, ingawa hiyo ya Kiingereza huwa na maana ya "umeshaelewa, hakuna haja ya kuendelea".

## Sarufi

12. *I've got* na *I have*: ni kitu kimoja?

Katika wakati uliopo, ndiyo. *I've got a pen* na *I have a pen* zote ni "nina kalamu". Umbo ni la "nimepata", maana ni ya "nina". Uingereza huipenda *have got*. Marekani *have* peke yake ni ya kawaida zaidi, hasa kwenye maswali.

Usichanganye mifumo. Ni *Have you got a pen?* au *Do you have a pen?*, *Do you have got* haipo. Jibu fupi la ya kwanza ni *Yes, I have*, bila *got*. Ukienda wakati uliopita, tumia *had*.

Kwa Mmarekani, *I've got the tickets* ni "ninazo tiketi", na *I've gotten the tickets* ni "nimefanikiwa kuzipata". Kwa Mwingereza sentensi ya kwanza inaweza kubeba zote mbili, na ni mazingira yanayoamua.

13. *I've got to go* na *I got to go* zinatofautianaje?

Herufi mbili na alama moja, lakini maana ziko mbali. *I've got to go* ni "lazima niende". *I got to go* kwenye maandishi ni "nilipata fursa ya kwenda", kama katika *I got to meet the president*. Tatizo ni kwamba kwenye mazungumzo ya haraka *'ve* humezwa, na ya kwanza husikika kama ya pili, au kama *gotta*. Kwenye kuandika usiimeze.

14. *He was fired* na *He got fired*: ipi sahihi?

Zote. Ile ya *get* ni ya mazungumzo, na huelekea kuonyesha tukio la ghafla, mkosi, au jambo ambalo mtendwa alijitakia. Haikai na vitenzi vya hali: *is known* au *is loved* haigeuzwi kuwa *gets known* wala *gets loved* hivihivi.

Maswali na ukanushi wake hujengwa kwa *do*: *Did she get paid?*, *She didn't get paid*. Kosa la mara kwa mara ni kubeba viwili kwa pamoja, *She was got paid*.

*Get married*, *get dressed*, *get lost*, *get stuck* zina sura hiyohiyo, lakini hakuna mtenda anayetafutwa nyuma yake. Na kwa kuwa sisi husema "aliolewa *na*", wengi huandika *got married with*. Kihusishi chake ni *to*.

15. *Get him to do*, *have him do*, *make him do*: *to* inakaa wapi?

Kwenye *get* tu. *I got him to repair it*: ilihitaji kumshawishi. *I had him repair it*: nilimpa kazi, ni kawaida yake. *I made him repair it*: nilimlazimisha. *Get him repair* na *make him to repair* zote ni makosa, na ajabu ni kwamba watu huzibadilishana kana kwamba *to* ni moja tu na lazima ipate pa kulala.

Kitu kikitangulia, umbo la tatu hufuata: *I got my phone repaired*, nilitengenezewa simu. *I repaired my phone* ni wewe uliyeshika bisibisi.

## Get na vihusishi

16. Kwa nini *get in a car* lakini *get on a bus*?

Jiulize: naweza kusimama na kutembea ndani yake? Basi, treni, ndege na meli, ndiyo, kwa hiyo *get on* na kushuka ni *get off*. Gari dogo na teksi, hapana. Unaingia ukiinama na kukaa, kwa hiyo *get in* na *get out of*. Vinavyopandwa kwa kutandaza miguu, yaani baiskeli, pikipiki na farasi, huchukua *on* na *off*.

17. Nianze na zipi kati ya *get over*, *get by* na wenzake?

Anza na hizi, ndizo utakazokutana nazo mapema. *Get up* ni kuondoka kitandani. Kufumbua macho ni *wake up*, na kati ya mawili hayo inaweza kupita saa nzima. *Get over* ni kupona ugonjwa au machungu. *Get by* ni kujikimu kwa kidogo ulichonacho. *Get on with* au *get along with* ni kuelewana na mtu. *Get away with* ni kutenda kosa na usiadhibiwe. *Get rid of* ni kuondokana na kitu. *Get round to* ni kulifikia jambo ulilokuwa ukiliahirisha. *Get through to* ni kumpata mtu kwenye simu, au kufanikiwa kumwingiza jambo akilini. *What are you getting at?* ni "unataka kusema nini hasa?", na mara nyingi ina hasira ndani yake.

18. Ni *get over it* au *get it over*?

Zinatofautiana. *Get over it* ni kulisahau jambo na kuendelea na maisha. Kiwakilishi hukaa mwisho. *Get it over with* ni kulimaliza jambo baya haraka, kama kung'oa jino. Nyingine hutaka kitu katikati: *get it back*, *get your point across*.

## Matumizi ya nadra

19. *Get lost* ni tusi?

Kama amri, ndiyo: ni "potelea mbali". Kama maelezo, si tusi: *We got lost* ni tulipotea njia. *Get out!* inaweza kuwa "toka!" au mshangao wa "acha utani", kutegemea sauti.

20. Nimeona *get* kama nomino, na GET kwa herufi kubwa. Ni neno hilohilo?

Nomino ipo. Kwenye tenisi, *a get* ni kuufikia na kuurudisha mpira uliokuwa mgumu kufikiwa. Kwa wafugaji ni watoto wa mnyama, hasa dume.

GET ya herufi kubwa ni ya wavuti: ni aina ya ombi ambalo kivinjari hutuma kwa seva kuitisha ukurasa. Data inayotumwa nayo huonekana kwenye anwani ya ukurasa, kwa hiyo nywila haitumwi kwa njia hiyo, hutumika aina nyingine ya ombi iitwayo POST.

*Get* inayohusu talaka ya Kiyahudi haina undugu na hizi. Hiyo ni hati ya talaka katika sheria ya dini hiyo, neno limetoka Kiebrania, na wingi wake ni *gittin*.